Glavu zivuliwe mapema

Februari ikifika, muuguzi wa zamu ya mchana katika wodi ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huvua glavu zake na kukuta vidole vimekunjamana, vimekuwa vyeupe na laini kupita kiasi, na jasho limejikusanya kwenye ncha za mpira. Hali hii imezoeleka hata haiandikwi popote. Anayelalamika huambiwa anyunyize poda, abadili aina ya glavu, anawe kwa sabuni kali zaidi, au avumilie tu kwa kuwa kazi ndivyo ilivyo. Ushauri wote huo unachukulia kwamba tatizo liko kwenye kiganja cha mtu. Mimi naliona kwenye saa. Mikono ya watumishi wengi wa afya inalowa kwa sababu glavu zinakaa mkononi muda mrefu kuliko kazi inavyodai, na mara nyingi huvaliwa juu ya ngozi ambayo haijakauka. Dawa ya kwanza ya jasho hilo ni kuvua glavu mapema, na anayepaswa kuifanya dawa hiyo iwezekane ni mwajiri.

Viganja na nyayo ndizo sehemu za mwili ambako tezi za jasho zimesongamana kuliko kwingine kote. Tezi za viganja zina tabia yake pia: huitikia wasiwasi na mkazo wa akili kuliko joto la hewa. Ndiyo maana mwanafunzi wa ukunga anayezalisha kwa mara ya kwanza hulowa mikono hata usiku wa baridi kule Njombe. Kwa kawaida jasho hilo halidumu, hukauka hewani ndani ya muda mfupi. Glavu ya kitabibu hairuhusu mvuke utoke, kwani kazi yake ni kutopitisha majimaji ya upande wowote. Basi maji yanabaki juu ya ngozi, ngozi ya juu inayanywa na kuvimba, na mafuta asilia yanayoshikamanisha chembe zake yanavurugika. Kinga inalegea. Sabuni, klorini au dawa yoyote itakayogusa ngozi hiyo baadaye hupenya kwa urahisi kuliko ambavyo ingepenya ngozi kavu. Kuwashwa, kubabuka na kupasuka huanzia hapo, na wengi hudhani wamepata fangasi, wakaenda duka la dawa kununua mirija ya krimu isiyohusiana kabisa na ugonjwa wao.

Mwaka 1996 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wenye ngozi nzima walivaa glavu saa 6 kwa siku kwa muda wa siku 14. Kinga ya ngozi zao ilidhoofika, ikipimwa kwa kiasi cha maji yanayovuja kutoka mwilini kupitia ngozi. Walipovaa glavu nyembamba za pamba chini ya zile za mpira, madhara hayo yalizuilika. Na kwa ngozi iliyokwisha kuchokozwa na sabuni, kufunikwa na glavu kulizidisha hali. Huo ni ushahidi wa upande wangu. Upo pia unaovuta upande mwingine, nao haupaswi kufichwa. Mapema mwaka 2020 walichunguzwa wahudumu 542 waliokuwa wakiwatibu wagonjwa wa Korona mkoani Hubei, China, na 526 kati yao wakakutwa na madhara ya ngozi, mikono ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana. Lakini kilichohusiana na madhara ya mikono kilikuwa kunawa zaidi ya mara 10 kwa siku, na wala haukuwa urefu wa muda wa kuvaa glavu.

Je, basi kosa lote ni la kunawa? Mtu anayeitazama kazi yenyewe ataona kwamba mambo hayo mawili hayaachani. Kila glavu inapovuliwa, mikono hutakiwa kusafishwa. Huo ni mwongozo, nao ni sahihi, kwa kuwa glavu huweza kuwa na tundu lisiloonekana na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Zaidi ya hapo, mikono iliyolowa hunata na kunuka mpira, na mwenye nayo hukimbilia bombani na sabuni hata pale ambapo kitakasa mikono chenye spiriti kingetosha. Kitakasa hicho, kinyume na wengi wanavyoamini, huiumiza ngozi nzima kidogo kuliko sabuni, hasa kikiwa na gliserini kama ilivyo katika fomula ya Shirika la Afya Duniani ambayo hospitali zinaweza kujitengenezea zenyewe. Kinachowafanya watu wakichukie ni kwamba kinachoma mahali palipokwisha kupasuka. Kwa hiyo kila jozi ya glavu iliyovaliwa bila sababu huleta jasho lake na kisha huleta kunawa kwake. Ukiipunguza moja, umepunguza yote mawili.

Wazo la kuuhesabu muda wa glavu si geni duniani. Kwa miaka mingi kanuni za usalama kazini za Ujerumani ziliiweka glavu isiyopitisha maji katika kundi la kazi za majimaji: aliyezivaa zaidi ya saa 2 katika siku ya kazi alihesabiwa sawa na yule ambaye mikono yake ilikuwa ndani ya beseni kwa muda huo. Na wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, ambako mhudumu hakuweza kuthubutu kuvua kitu chochote akiwa karibu na mgonjwa, timu za tiba ziliweka kikomo cha kama saa moja ndani ya vazi la kinga, kisha mtu atoke, avue kwa utaratibu, akauke na anywe maji. Hakuna aliyesema wahudumu wale ni wadhaifu. Ilieleweka kwamba mwili uliolowa na kuchoka hufanya makosa, na kosa moja lingeua. Kama muda uliwekewa mpaka pale ambapo kinga ilihitajika kuliko popote, ni vigumu kueleza kwa nini katika wodi ya kawaida mtu avae jozi moja kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho.

Sehemu kubwa ya uvaaji huo haina msingi wa kitabibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataja wazi pale ambapo glavu zinahitajika: panapotarajiwa damu, majimaji ya mwili, utando laini wa mdomoni au ukeni, ngozi yenye jeraha, au kemikali na dawa hatari. Unataja vilevile pale ambapo, kama hakuna dalili ya kugusa damu wala majimaji, hazihitajiki: kupima shinikizo la damu, joto na mapigo ya moyo, kumwogesha na kumvisha mgonjwa, kumsafirisha, kumpa vidonge, kugawa chakula, kuandika kwenye faili, kushika simu. Hata sindano ya chini ya ngozi na ya msuli zimo katika orodha ya zisizohitaji glavu. Wasomaji wengi watashangaa kwa hilo la sindano, na nadhani hata baadhi ya watumishi watashangaa. Huko London, hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilianzisha mwaka 2018 kampeni ya kuwakumbusha wauguzi wake ni wakati gani glavu hazina kazi, na katika mwaka mmoja ikapunguza taka za plastiki kwa takriban tani 21. Waliofanya hivyo hawakulegeza usafi hata kidogo. Msisitizo wao ulikuwa kusafisha mikono kwa wakati unaostahili.

Hapa inakuja pingamizi nzito kuliko zote, na inatoka kwa watumishi wenyewe. Wanasema: ninyi mnaoandika magazetini hamjui tunayokutana nayo. Mgonjwa haji na kibandiko usoni kinachosema ana virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Glavu ndiyo amani yetu, na jasho ni bei ndogo. Hofu hiyo ni halali, na katika nchi ambazo vizazi vya wauguzi vilifanya kazi wakati UKIMWI haukuwa na dawa, ina mizizi ya kweli. Lakini tuitazame hatari yenyewe inakopita. Inayoambukiza zaidi ni sindano iliyochoma, na glavu nyembamba haizuii sindano. Kwa aliyechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini ya aina B, kwa asiyechanjwa, unaweza kufika 30 katika 100. Kinachomlinda hapo ni chanjo, kisanduku cha kutupia vitu vyenye ncha kali kilicho karibu, na dawa za kuzuia VVU zinazotolewa ndani ya saa 72. Damu inayogusa mkono haina njia ya kuingia kirahisi kama ngozi ni nzima. Ngozi iliyopasuka kwa kulowa kila siku ndiyo yenye njia. Ngozi hiyo pia hubeba bakteria wengi zaidi, wakiwemo stafilokoki wanaosumbua vidonda vya wagonjwa, na mwenye nayo huanza kukwepa kitakasa kwa sababu kinamchoma. Anayetafuta amani yake kwa kukaa na glavu kutwa nzima anaipunguza amani hiyohiyo, yake na ya mgonjwa.

Kuna wanaosema wagonjwa wenyewe hudai glavu. Ni kweli, tangu Korona wengi huziona kama alama ya usafi. Lakini glavu iliyomshika mgonjwa wa kitanda cha tatu ikaenda kumshika wa kitanda cha nne haina usafi wowote, na mgonjwa akielezwa hilo kwa sentensi mbili huelewa. Mimi naona hili ni jepesi kuliko linavyokuzwa.

Poda inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo suluhisho linaloshauriwa haraka. Kwa miongo mingi glavu zilitoka kiwandani zikiwa na unga wa mahindi ndani, ili ziingie kwa urahisi na kunyonya jasho. Unga huo ulileta mambo mawili. Ulipoangukia ndani ya tumbo wakati wa upasuaji, ulisababisha uvimbe na matumbo kushikamana. Na kwa glavu za mpira wa asili, chembe zake zilibeba protini za mpira hewani. Watumishi wakazivuta, na wengine wakapata mzio mkali na pumu. Marekani ilipiga marufuku glavu za kitabibu zenye poda kuanzia Januari 2017. Anayenyunyiza poda ya mtoto ndani ya glavu isiyo na poda anarudisha kwa mkono wake kile kilichoondolewa kwa ushahidi. Tena poda ikilowa jasho hugeuka tope linalosugua katikati ya vidole, na mikono yenye tope hilo haiwezi kusafishwa kwa kitakasa, ni lazima irudi kwenye sabuni. Vivyo hivyo mafuta ya nazi au ya mgando yanayopakwa dakika chache kabla ya kuvaa: mafuta huudhoofisha mpira wa asili, na glavu huweza kuchanika bila mvaaji kujua. Mafuta hayo ni mazuri sana yakipakwa baada ya zamu na usiku.

Sasa, kwa kazi ambazo glavu ni lazima, yapo mambo ya kufanya, na lililo la kwanza ni kukausha. Sehemu ya kile tunachokiita jasho ni maji ya bomba au spiriti iliyofungiwa ndani. Mtu hunawa, hapati karatasi ya kujifutia, hupepea mikono hewani mara mbili tatu na kuingiza vidole kwenye mpira. Spiriti nayo huhitaji kusuguliwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe, na sekunde hizo zikikosekana hubaki chini ya glavu ikiwasha. Kuna suala la saizi pia. Wodi ikiletewa boksi za saizi moja tu, mwenye mikono mikubwa huvaa glavu inayobana, inayokaza na kuchanika, na mwenye mikono midogo huvaa inayopwaya na kujaa maji. Malighafi ina umuhimu, ingawa pungufu ya matangazo ya wauzaji: kubadili kutoka mpira wa asili kwenda nitrile humsaidia sana mwenye mzio wa protini za mpira, lakini jasho la mtu mwingine litabaki lilelile, kwa kuwa zote mbili hazipitishi mvuke. Na wapo ambao hawana mzio wa mpira kabisa ila wana mzio wa kemikali zinazotumika kiwandani kuuimarisha, kama thiuramu na kabamati, ambazo huweza kuwemo hata katika nitrile. Hao huzunguka kutoka chapa moja hadi nyingine bila nafuu mpaka wapimwe ngozi na mtaalamu.

Glavu nyembamba za pamba chini ya zile za mpira ndizo ninazozitetea kwa nguvu, na pingamizi lake linajulikana: pamba hubeba vijidudu. Ni kweli ikivaliwa ikiwa imelowa, au ikiachiwa mtu mwingine. Kila mtu awe na jozi zake kadhaa, abadili inapolowa, na zifuliwe kwa maji ya moto pamoja na nguo za hospitali. Hazifai katika chumba cha upasuaji wala kwa kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, ambako ncha za vidole zinahitaji kuhisi. Zinawafaa zaidi watu ambao mjadala huu huwasahau: wahudumu wa usafi, wafuaji, watumishi wa chumba cha maiti na wanaoosha vifaa vya upasuaji. Hawa huvaa glavu nzito kwa saa nyingi mfululizo, huku mikono ikiwa ndani ya klorini, na hawawezi kuzivua kila baada ya kitanda kimoja. Muuguzi angalau ana mwenzake wa kumuuliza, ana semina, ana daktari anayepita wodini. Mfanya usafi aliyeajiriwa na kampuni ya nje mara nyingi hupewa jozi moja ambayo ndani hukaa na unyevu wa jana, naye akionyesha viganja vilivyochubuka huonekana analeta visingizio. Kwao ninaongeza dai moja: jozi mbili za glavu nzito zinazopokezana, moja ikianikwa huku nyingine ikitumika, na kazi ya klorini igawanywe kwa zamu ili mtu mmoja asiifanye kuanzia asubuhi hadi jioni.

Wapo pia watu wachache ambao hoja yangu ya muda haiwatoshi. Wanalowa mikono wakiwa wamekaa, bila glavu, tangu utotoni au ujanani. Karatasi wanayoandikia hulowa. Huo ni ugonjwa unaojulikana, wa kutokwa jasho kupita kiasi, na una tiba. Hatua ya kwanza huwa dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloridi, inayopakwa usiku juu ya mikono mikavu kabisa, kwani ikipakwa kwenye unyevu huwasha. Ikishindikana kuna tiba ya kupitisha umeme hafifu majini mikono ikiwa imelowekwa, au sindano za botulinamu. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani upo, lakini huweza kuhamishia jasho mgongoni na tumboni kwa wingi wa kukera. Kanda yetu ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Mtumishi wa aina hii apelekwe kwa wataalamu kama hao kwa gharama za kazini, badala ya kuachwa akijificha mikono na kutafuta kuhamishiwa masjala.

Nasema kwa gharama za kazini kwa sababu historia na sheria zote zinaelekea huko. Glavu ya upasuaji yenyewe ilitokana na lalamiko la namna hii. Katika majira ya baridi ya 1889 kuelekea 1890, muuguzi Caroline Hampton wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alikuwa akiungua ngozi ya mikono kwa dawa za kuulia vijidudu za wakati ule. Daktari mkuu wa upasuaji, William Halsted, hakumwambia avumilie. Aliiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Kupungua kwa maambukizi ya wagonjwa kulikuja kuonekana miaka kadhaa baadaye. Kifaa kilianza kama kinga ya ngozi ya mfanyakazi, kwa uamuzi wa mkubwa wake wa kazi. Leo Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri kulinda afya ya anayemwajiri, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Kenya ina sheria zake za 2007 kwa mambo hayohayo. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inayataja magonjwa ya ngozi bayana.

Pingamizi la mwisho ni fedha. Hospitali ambayo wakati mwingine inaishiwa glavu itanunuaje glavu za pamba, karatasi za kujifutia na saizi tatu za kila boksi? Jibu langu ni kwamba hospitali inayoishiwa glavu ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kuacha kuzivaa kwa kugawa chakula na kuandika faili, ili leba isije ikakosa jozi usiku wa manane. Akiba hiyo ndiyo inunue karatasi na pamba. Bohari ya Dawa sasa ina kiwanda chake cha glavu Idofi, Makambako, jambo linaloipa Tanzania nafasi ambayo muagizaji wa kutoka nje hana: kuamua uwiano wa saizi kulingana na mikono ya watumishi wake, na kuandika kwenye boksi kemikali zilizotumika. Maombi ya vifaa ya robo mwaka yanaweza kuwa na mstari wa glavu za pamba kama yalivyo na mstari wa bandeji. Na msimamizi wa wodi anaweza kuanza kesho, bila kusubiri wizara, kwa kubandika juu ya boksi la glavu orodha ya kazi zisizozihitaji, na kufungua daftari la malalamiko ya ngozi ambalo mfanya usafi ana ruhusa ya kuandika ndani yake sawa na daktari.